Kusomea Ufundi Sanifu wa Tiba ya Wanyama Mtandaoni Ukiwa Marekani: Anza na Kliniki, Shule Baadaye

Tangu nipate leseni, simu ninazopigiwa na Waswahili wenzangu huku Marekani zinafanana. Mtu amelipa ada, amefaulu mihula miwili ya mwanzo akisomea kwenye simu wakati wa mapumziko ya kazi ya usiku, halafu amekwama. Shule sasa inataka video akichukua damu ya mbwa. Yeye hana kliniki, hana mbwa, hana daktari wa kumsimamia.

Wengine wamekwama vibaya zaidi. Mdogo wangu mmoja alimaliza kozi nzima, akaweka cheti kwenye fremu, na alipotaka kujiandikisha kwa mtihani wa leseni akaambiwa cheti kile hakimruhusu hata kuomba. Miezi tisa ya ada imekwenda. Alilia kwenye simu, na mimi sikuwa na la kumwambia isipokuwa tuanze upya pamoja.

Makosa yote mawili yana mzizi mmoja: tunasikia neno "mtandaoni" tukadhani kila kitu kiko mtandaoni. Kinachosomwa mtandaoni ni nadharia. Mikono hufunzwa kwa mnyama aliye hai, mbele ya mtu mwenye leseni. Ndiyo maana hatua hizi zimepangwa tofauti na matangazo ya shule yanavyozipanga.

Neno moja kwa aliye nyumbani Afrika Mashariki: masomo haya hayakupi visa. Hata aliye huku kwa visa ya mwanafunzi, F-1, huhesabiwa darasa moja tu la mtandaoni kwa muhula katika mzigo wake wa masomo, kwa hiyo programu ya masafa haimfai. Kama unataka kufanya kazi Tanzania au Kenya, njia yako ni vyuo vya huko, mfano kampasi za LITA Tanzania au AHITI Kabete Kenya, kisha usajili wa Baraza la Veterinari la Tanzania au Kenya Veterinary Board. Mwongozo huu ni wa aliyekwisha kuwa Marekani na ana ruhusa ya kufanya kazi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kulipa hata senti

- Cheti cha sekondari (CSEE, KCSE, diploma ya serikali ya Kongo au kinacholingana nacho) pamoja na tathmini yake ya Kimarekani. WES ni mojawapo ya taasisi zinazofanya tathmini hiyo. Kama vyeti vilipotea vitani au kambini, fanya mtihani wa GED, ambao husimama badala ya cheti cha sekondari.
- Kompyuta yenye kamera. Simu pekee haitoshi, kwa sababu mitihani mingi husimamiwa kwa kamera ya kompyuta.
- Simu yenye kamera nzuri na kisimamio chake cha miguu mitatu.
- Stetoskopu, saa yenye mshale wa sekunde, kikokotoo, viatu vilivyofunika vidole, na jozi mbili za sare za kazi.
- Chanjo ya pepopunda iliyo hai. Uliza mapema pia kuhusu kichaa cha mbwa: shule na kliniki nyingi huitaka kabla hujagusa mnyama. Tangu 2022 utaratibu wa kinga ya awali Marekani ni dozi mbili, siku ya kwanza na siku ya saba baadaye. Ni ghali, kwa hiyo piga simu kwa bima yako kwanza, kisha idara ya afya ya kaunti.
- Bima ya afya. Paka akikuuma kiganjani, hospitali haisubiri kesho.
- Saa 15 hadi 20 kwa wiki ambazo ni zako kweli. Ziandike kwenye kalenda uone kama zipo.

## Hatua ya 1: Hakikisha ni kozi ya fundi sanifu, si ya msaidizi

Hapa ndipo mdogo wangu alipoangukia.

Marekani ina kazi mbili zinazofanana kwa jina. Msaidizi hushika mnyama, husafisha vizimba na huandaa vifaa. Fundi sanifu huchukua damu, husimamia nusukaputi, hupiga eksirei, husafisha meno na husoma vioo vya hadubini, akiwa chini ya daktari. Hatambui ugonjwa, haandiki dawa, hafanyi upasuaji. Hayo ni ya daktari peke yake.

Ili ufanye mtihani wa taifa wa ufundi sanifu, uitwao VTNE, karibu kila jimbo linataka uwe umehitimu programu yenye ithibati ya AVMA, chama cha madaktari wa wanyama wa Marekani. AVMA wana orodha kwenye tovuti yao, na programu za masafa zimewekwa alama yake. Fungua orodha hiyo mwenyewe. Usiamini ukurasa wa shule, wala mtu anayekupigia simu kukuuzia nafasi.

Onyo. Utaona kozi zimeandikwa "zimeidhinishwa na NAVTA". NAVTA ni chama halali cha mafundi sanifu, na idhini hiyo ni ya kweli, lakini ni ya kozi za *wasaidizi*. Ni kozi nzuri kwa kazi hiyo. Haikupeleki kwenye VTNE.

Mfano wa programu za masafa zenye ithibati ya AVMA ni Penn Foster, San Juan College ya Farmington, New Mexico, na Purdue University ya Indiana. Hata hizi, zihakiki upya siku unayotaka kulipa, kwa sababu ithibati hupitiwa mara kwa mara.

Umefanikiwa ukiwa na jina la programu uliloliona kwa macho yako kwenye orodha ya AVMA, na umesoma kwenye tovuti ya bodi ya jimbo lako inayotoa leseni kwamba wanaikubali.

## Hatua ya 2: Tafuta kliniki kabla ya shule

Ukisoma sehemu moja tu ya mwongozo huu, soma hii.

Kila programu ya AVMA ina orodha ndefu ya stadi ambazo lazima uzionyeshe kwa mnyama halisi: kuchukua damu, kuweka kanula, kuingiza mpira wa hewa kooni mwa mnyama aliyelala, kupanga mwili wake kwa eksirei, kupima kinyesi kama kina minyoo. Wa chuoni hufanyia chuoni. Wa masafa hujitafutia mahali. Shule itakupa fomu, haitakupa kliniki.

Namna ya kwenda:

Nenda kwa miguu yako, usitume barua pepe. Chagua Jumanne, Jumatano au Alhamisi, kati ya saa saba na saa nane mchana. Asubuhi wanapokea wanyama wa upasuaji, jioni wenye mbwa wanatoka kazini, na Jumatatu hakuna anayekusikiliza.

Omba kuonana na meneja wa kliniki, sio daktari. Meneja ndiye anayepanga zamu.

Peleka karatasi moja: jina lako, simu, saa unazoweza kuja, na mistari mitatu kuhusu uzoefu wako na wanyama. Kama ulichunga ng'ombe Kigoma au mbuzi Kajiado, andika hivyo. Wengi wetu tunaficha mambo haya tukidhani ni ya kishamba. Meneja anayehangaika na vijana wanaoogopa kushika mnyama atayasoma mara mbili.

Usianze kwa kuomba mafunzo. Omba kazi, hata ya kuosha vizimba na kufua mataulo. Baada ya mwezi mmoja wa kufika kabla ya saa, ndipo useme: "Nataka kusomea ufundi sanifu kwa masafa. Je, mtanisimamia?"

Hapo uliza mambo manne, na uandike majibu. Kuna daktari au fundi sanifu mwenye leseni atakayetia saini stadi zangu? Ninaruhusiwa kurekodi video humu ndani? Mna mashine ya eksirei, ya nusukaputi, na maabara yenu wenyewe? Nitatumia wanyama wa nani? Mara nyingi jibu la swali la mwisho ni mbwa na paka wa wafanyakazi wenyewe, kwa ridhaa yao. Mnyama wa mteja hatumiki bila idhini.

Onyo. "Tutaona" si ndiyo. Huku watu ni wapole sana katika kukataa. Jibu likiwa la namna hiyo, shukuru, endelea kufanya kazi yako, na utafute kliniki ya pili.

Kabla sijatoka hapa, mambo mawili ambayo watu wetu huniuliza kwa sauti ya chini.

La kwanza ni mbwa. Kwa wengi tuliokulia Pwani, mbwa ni wa nje, na mate yake yana hukumu yake ya twahara. Nawafahamu Waislamu wanaoifanya kazi hii. Huvaa glavu na koti la kazi, huacha nguo za kliniki kliniki, huoga kabla ya sala. Zungumza na shekhe unayemwamini kabla ya kuanza, ili moyo wako usigawanyike katikati ya muhula.

La pili ni kulaza mnyama moja kwa moja, yaani daktari kumchoma sindano ya kumaliza uhai wake bila maumivu. Itatokea, pengine wiki yako ya kwanza. Utamshika paka mzee mkono wa mbele ili daktari apate mshipa, na mwenye paka atakuwa amesimama kando yako akilia kama aliyefiwa na ndugu. Usimshangae. Omba kuwepo chumbani mara moja kabla ya kujiandikisha popote. Wapo waliogundua siku hiyo kwamba hawaiwezi kazi hii, na ni bora kugundua kabla ya ada.

Umefanikiwa ukiwa na jina la mwenye leseni aliyekubali kwa maandishi kukusimamia.

## Hatua ya 3: Chagua shule, kisha hesabu fedha

Sasa una kliniki. Mpelekee meneja fomu za kliniki za shule mbili au tatu, muone pamoja ni ipi inaendana na vifaa vilivyopo. Shule moja huweka vitendo ndani ya kila somo. Nyingine huviweka vyote mwishoni. Anayefanya kazi kliniki tayari hufaidika na aina ya kwanza, kwa sababu orodha ya stadi zilizobaki inapungua kidogo kidogo.

Programu zenye ithibati zinalazimika kutangaza asilimia ya wahitimu wao waliofaulu VTNE mara ya kwanza kwa miaka mitatu. Tafuta jedwali hilo. Kisha uliza swali ambalo jedwali halijibu: kati ya wanaoanza, wangapi humaliza? Asilimia nzuri ya waliofaulu haina maana kama wengi waliacha njiani.

Kuhusu fedha: mwenye uraia au grini kadi anaweza kujaza fomu ya FAFSA kuomba msaada wa serikali. Mkimbizi au mwenye hadhi nyingine aulize ofisi ya misaada ya fedha ya chuo husika, apate jibu kwa maandishi. Penn Foster haipokei msaada huo wa serikali kuu. Hulipwa kwa awamu, muhula baada ya muhula. Vyuo vya umma kama San Juan huupokea.

Takwimu za Idara ya Kazi ya Marekani za 2023 ziliweka mshahara wa kati wa kazi hii kwenye dola 43,740 kwa mwaka. Huo ni mshahara wa kuishi, si wa kutajirika. Kwa hiyo sikushauri kukopa fedha nyingi binafsi kwa ajili yake. Kliniki kubwa wakati mwingine humlipia mfanyakazi sehemu ya ada kwa masharti ya kubaki muda fulani. Uliza, na usome masharti kabla ya kusaini.

## Hatua ya 4: Jenga ratiba, na uanze hesabu mapema

Shule za masafa hukuruhusu kwenda kwa mwendo wako, na uhuru huo ndio unaowaangusha wengi. Programu ni ya miaka miwili kwenye karatasi. Wengi ninaowafahamu wakiwa na kazi na watoto wamechukua mitatu hadi minne. Panga minne ukimaliza mapema ushukuru.

Somo linaloangusha Waswahili wengi si Kiingereza, ni hesabu za dozi. Jifunze mfano huu mpaka uutoe usingizini.

Mbwa ana paundi 55. Gawa kwa 2.2 upate kilo 25. Daktari ameagiza cefazolin miligramu 22 kwa kilo. Zidisha: miligramu 550. Chupa imeandikwa miligramu 100 kwa mililita. Gawa: mililita 5.5. Hiyo ndiyo unayovuta kwenye bomba la sindano.

Sasa dripu. Ameagiza mililita 75 kwa saa, na seti yako hutoa matone 10 kwa mililita. Ni matone 750 kwa saa, sawa na 12.5 kwa dakika, yaani tone moja takriban kila sekunde tano. Simama ukiwa na saa yako ya mshale uhesabu.

Onyo. Kosa la kusahau kubadili paundi kuwa kilo humpa mnyama zaidi ya mara mbili ya dawa yake. Kwa dawa ya usingizi, hicho ni kifo. Andika uzito kwa kilo juu ya karatasi kabla ya jambo lolote jingine.

Umefanikiwa ukiweza kufanya hesabu kumi za aina hii bila kukosea hata moja. Tisa kati ya kumi ni alama nzuri shuleni, lakini kliniki yule wa kumi ni mnyama wa mtu.

## Hatua ya 5: Video za stadi

Video yangu ya kwanza ya kuchukua damu ilikataliwa. Damu ilipatikana, mbwa hakulia, daktari aliridhika. Lakini kamera ilikuwa nyuma yangu, na kilichoonekana ni mgongo wangu na mkono wa aliyemshika mbwa. Anayesahihisha hakuona sindano ikiingia, na asichokiona hawezi kukipa alama.

Hivi ndivyo ninavyowafundisha wengine sasa.

Weka simu kwenye kisimamio upande wa pili wa meza, usawa wa kiwiko cha mbwa, taa ikiwa nyuma ya kamera. Rekodi sekunde kumi za majaribio ukiangalia kama mguu wa mbele unaonekana wote.

Anza kwa kutaja jina lako, jina la mnyama na unachokwenda kufanya. Kisha sema kila hatua kwa sauti unapoifanya. Wengi wetu tumelelewa kufanya kazi kimya mbele ya wakubwa. Hapa ukimya unakupunguzia alama.

Anayemshika mbwa anaweka mkono mmoja chini ya kidevu, na mwingine nyuma ya kiwiko. Kidole gumba kinabana mshipa kwa juu na kuuzungusha kidogo kwa nje. Subiri. Mshipa utajaa, na ukiugusa kwa ncha ya kidole utahisi unarudi, kama mpira mwembamba uliojaa maji. Kama huuhisi, usichome. Paka spiriti, gusa tena.

Sindano iingie tundu lake likitazama juu. Ukiona damu shingoni mwa sindano, acha kusukuma, vuta polepole. Ukivuta kwa pupa mshipa unasinyaa, na chembe nyekundu zinapasuka, hata maabara wakupe majibu ya uongo.

Kisha jambo ambalo wanafunzi hulisahau: mwambie mshikaji aachie kidole gumba *kabla* ya kuchomoa sindano. Ukichomoa mshipa ukiwa bado umebanwa, damu inavujia chini ya ngozi na mguu unavimba. Chomoa, kandamiza kwa pamba. Chupa yenye kifuniko cha zambarau igeuze juu chini taratibu mara kadhaa. Usiitikise.

Onyo. Ukikosa mara mbili, mwachie mwenzako. Usimchome mnyama mara ya tatu kwa ajili ya video. Mwenye kukusimamia anakutazama jambo hilo zaidi ya anavyotazama mkono wako.

Umefanikiwa ikiwa mtu asiyekujua anaweza kutazama video bila sauti akaeleza ulichofanya, kisha akaisikiliza bila picha akaeleza vilevile.

## Hatua ya 6: Ng'ombe, farasi na wanyama wa maabara

Kliniki ya mjini ina mbwa na paka. Orodha ya stadi inadai pia farasi, ng'ombe, na panya au sungura. Watu huiacha hii mwishoni na kupoteza mwaka mzima.

Mwombe daktari wako akuunganishe na mwenzake wa wanyama wakubwa, ukae naye siku chache shambani. Kwa sungura na panya, uliza kliniki inayotibu wanyama wadogo wa kigeni.

Hapa mtoto wa mfugaji ana faida, ila na hatari yake. Ukizoea kumsogeza ng'ombe kwa fimbo, iache fimbo nyumbani. Shule itatazama unavyotumia kamba ya kichwani na lango la kumbania shingo, na unavyosimama begani mwake badala ya nyuma yake.

## Hatua ya 7: VTNE

Mtihani una maswali 170. Yanayohesabiwa ni 150. Mengine 20 ni ya majaribio, na hutajua ni yapi. Muda ni saa tatu. Alama hupangwa kati ya 200 na 800, na kufaulu ni 425.

Hufanyika misimu mitatu kwa mwaka: Machi 15 hadi Aprili 15, Julai 15 hadi Agosti 15, Novemba 15 hadi Desemba 15. Maombi hufungwa kabla ya msimu kuanza, na ukikosa unasubiri msimu ujao. Anza marudio miezi mitatu kabla, ukitanguliza nusukaputi, dawa na kutuliza maumivu, kwa sababu huko ndiko aliyesoma kwa masafa huwa na mapengo.

## Hatua ya 8: Leseni ya jimbo

Kufaulu VTNE bado si leseni. Kila jimbo lina jina na masharti yake: Texas utaitwa LVT, Ohio RVT, Pennsylvania CVT, Tennessee LVMT. Baadhi huongeza mtihani mfupi wa sheria zao. Ukihama jimbo, omba alama zako zihamishiwe kabla hujafunga mizigo.

Na angalia jina lako. Hili limewachelewesha watu wetu kuliko hesabu zote za dozi. Cheti cha sekondari kina majina mawili, pasipoti ina matatu, grini kadi imelipindua la baba likawa la kwanza, na shule imeandika "Mwanaid" badala ya "Mwanaidi". Kitambulisho kisipolingana na jina la maombi, mlangoni pa mtihani unarudishwa. Chagua mpangilio mmoja, ule ulio kwenye kitambulisho cha serikali unachotembea nacho, na uutumie kuanzia fomu ya kwanza ya shule. Kama umekwisha kuchanganya, andikia shule leo warekebishe kumbukumbu zako, kwa sababu wao ndio watakaotuma nakala ya alama zako kwenye bodi.